Hereni Zisizo na Jina

Gehandu, Hanang

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mbele. Goti linaendeleaje? Na yule mtamba amezaa, au bado mnamsubiri? Mimi mwili mzima, chakula nakula, ni upepo wa huku tu unaonipasua midomo. Ila moyoni, Baba, nina kinyaa ambacho hakitoki hata ninawe mara ngapi. Ningekueleza kwa simu, lakini mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe, na kila nikipanda pale nakuta watu wamenizunguka wanasikiliza. Nimeona niandike.

Kazi iliyonileta unaijua. Kampuni inavisha ng'ombe hereni zenye namba. Mwenzangu Safari, mtu wa Tlawi kule juu Mbulu, ndiye anayetoga masikio. Mimi nakaa na kompyuta, naingiza namba ya hereni, jina la mwenye ng'ombe, rangi na alama zake. Hereni isiyoandikwa ni kipande cha plastiki tu. Mtu akifika nayo mnadani na namba isionekane, ng'ombe wake anahesabiwa wa wizi.

Jumatatu moja programu ya kuandikia hereni ikagoma kufunguka. Nikampigia msimamizi wetu, Bwana Kasimba, anayekaa Katesh.

"Ifute, uiweke upya," akasema. "Dakika kumi tu."

Nikaifuta. Nikaiweka. Ule mstari wa kijani ukatembea ukakaribia mwisho, ukasimama, yakatokea maandishi kwamba programu hiyo tayari imo kwenye kompyuta. Imo wapi, na nimeifuta kwa mkono wangu? Nikazima, nikawasha, nikarudia. Mstari ukasimama palepale. Nikarudia tena mpaka betri ikaanza kulia, na nje ng'ombe nao wanalia kiu. Wenye ng'ombe wamekaa juani, wananitazama kupitia mlangoni.

Nikapanda kichuguuni, nikampata fundi wa kampuni aliyeko Arusha. Akanieleza vizuri: programu ya zamani imeacha mabaki yake, yatafute, yafute, ndipo mpya itakubali kuingia. Mabaki nikayaona. Nikibonyeza kuyafuta, kompyuta inadai paswedi ya msimamizi. Nikampigia tena Kasimba.

"Siwezi kukupa," akasema. "Hiyo ni siri ya ofisi."

"Basi njoo uiandike mwenyewe, bosi. Watu wapo hapa toka asubuhi."

"Togeni. Wakubwa wanaangalia hereni zilizotumika. Majina mtaweka baadaye."

"Basi niandike kwenye daftari."

"Sitaki daftari! Daftari likionekana wataniuliza kwa nini mfumo haufanyi kazi."

Baba, nikatii. Hilo ndilo linaloniumiza. Siku tatu Safari alitoga masikio na mimi nikishika vichwa, hakuna kilichoandikwa popote. Damu, kinyesi, nzi, na kompyuta imekaa mezani imefunikwa na kanga yangu.

Siku ya pili alikuja mama mmoja mfugaji, Mama Udangashega, mjane, ametoka mbali na ng'ombe wake. Tulipomaliza akanijia.

"Wewe binti, ng'ombe yangu umeandika?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Akanishukuru. Akawaswaga, akaondoka.

Siku ya nne Kasimba akafika na gari kukusanya maboksi matupu ya hereni. Alikuwa anachokoa meno, mdomo unamnuka nyama aliyochomewa njiani na wafugaji walewale. Nikaweka kompyuta juu ya boneti mbele yake. "Andika, bosi." Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Akaanza kutoka jasho puani.

"Wameibadilisha," akasema.

Safari akamwangalia. "Nani ameibadilisha? Bosi, wewe hukumbuki."

Akafunga kompyuta. Kumbe hakuwa na siri yoyote ya ofisi. Alikuwa ameisahau paswedi, akaona heri watu watogewe mifugo bure kuliko kuwaambia Arusha kwamba amesahau.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi na kompyuta mapajani, bila ruhusa ya mtu. Arusha fundi akaweka paswedi mpya, akafagia yale mabaki, akaiingiza programu. Nilikuwa sijamaliza chai aliyoniwekea. Ni kitu kidogo kiasi hicho.

Tukaanza kuzunguka boma kwa boma, mimi na Safari, kusoma hereni moja moja. Kwa Mama Udangashega nilisalimia, nikamwambia kweli kabla sijakaa: siku ile sikuandika, nilimdanganya.

Hakupiga kelele. Akanishika mkono, akanipeleka kwa ndama aliyefungwa pembeni. Sikio lilikuwa limevimba, linanuka, na chini ya hereni yangu ile funza wanatembea.

"Ulimtoboa kwa kazi gani?" akaniuliza.

Akaniletea maji ya chumvi na kitambaa. Nikapiga magoti, nikawatoa wale funza mpaka nyama ikaonekana nyekundu, Safari akapaka dawa. Mama alisimama juu yangu muda wote. Kisha akaanza kutaja ng'ombe wake mmoja mmoja, nami nikiandika. Nilipomaliza akasema, "Sasa soma. Neno lako peke yake sitaki tena." Nikasoma. Mmoja niliandika mweusi, akanikatiza: "Ana nyeupe tumboni. Angalia." Nikainama nikaangalia, nikarekebisha.

Wengine hatujawapata mpaka leo. Wapo waliohamia malisho ya Yaeda Chini na hereni masikioni, na hawajui kwamba hazijaandikwa.

Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kuondoka kituoni bila ruhusa. Kulikuwa na nafasi ya maelezo, nikaijaza yote: kwamba tuliamriwa kutoga bila kuandika, kwamba nilikubali, na kwamba nilimdanganya mama wa watu. Safari akatia sahihi yake chini ya yangu. Nikaipeleka moja kwa moja Arusha. Majibu yamekuja wiki hii. Onyo langu linabaki. Bwana Kasimba hawajamfukuza, Baba. Wamemhamishia wilaya nyingine, na huko nako kuna ng'ombe.

Nisalimieni kaka Ezekia na mkewe, shangazi muuza maziwa wa pale njia panda, na mama mdogo anayeimba kwaya, mwambie kitenge chake kimenifaa sana na baridi hii. Mbusu Mama kwa niaba yangu. Goti lipumzishe.

Ni mimi binti yako,
Tumaini