Jumamosi Sauti Yangu Haikutetemeka

Jumapili, mwezi wa saba. Jua kali, upepo wa baridi. Nimevaa masweta mawili tangu asubuhi na bado sijapata joto.

Kichwa hicho hapo juu nilikiandika jana jioni nikitaka kujisifu. Nikaishia hapo. Leo nimekiacha kilivyo kwa sababu ni kweli, haikutetemeka.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye steshenari mjini Sumbawanga, natoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi. Jumamosi mchana, tukishafunga duka, naendesha nyumbani kwetu mchezo wa kutisha wa mezani. Hauna ubao wala karata. Mimi ndiye mwendeshaji, nasimulia mahali na hatari iliyopo. Wenzangu kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Likija jambo gumu tunarusha dadu kujua kama limewezekana, namba kubwa unafaulu, ndogo unashindwa. Sheria nilizitoa mtandaoni, dadu ni za ludo, na karatasi za wahusika nimezichapa nyuma ya fomu zilizoharibika.

Wachezaji ni watatu. Deo ni fundi simu wa kibanda cha jirani, mdomo hauna breki. Salome tunafanya naye kazi dukani. Na Prisila ni rafiki yangu tangu darasa la tano, mtu pekee ambaye nilipomweleza mchezo huu hakuniuliza kama nina homa.

Wiki ya kwanza niliisimulia hadithi kama nilivyoikuta: jumba la mawe lenye minara, mwanamke anazunguka vyumbani na mshumaa. Deo akauliza, "Kwani huko umeme umekatika tangu saa ngapi?" Wakacheka mpaka Salome akamwaga chai. Wiki ya pili nilisoma kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa inatikisika kuliko mimi. Prisila peke yake ndiye aliyejitahidi kuogopa. Alishika shavu akatoa macho, kwa ajili yangu tu. Nilipomsindikiza akaniambia, "Usijali, utazoea. Ila simulia vitu unavyovijua."

Ushauri ulikuwa wake.

Sasa mtu wa Sumbawanga anajua nini cha kutisha? Wasomaji wa mikoa mingine najua mmeshacheka. Nilipokuwa chuoni Mbeya, nikitaja kwetu watu walisogeza viti pembeni, kwa utani kwamba Sumbawanga ni kwa wachawi, na mimi nikacheka nao huku roho inaniuma. Kila mara nilieleza kwamba kwetu kuna mahindi, ulezi na baridi, basi. Niliuchukia utani ule kuliko kitu chochote.

Jana nikauchukua mzima mzima nikauweka mezani.

Nilisimulia kijiji chenye nyumba moja karibu na mikaratusi. Anakaa bibi kizee, macho mekundu, mlango wake umefungwa mchana kweupe. Radi inapiga kiangazi bila wingu hata moja, na kila inapopiga, asubuhi yake bibi anaonekana akifagia uwanja kama hakuna kilichotokea. Sikusoma popote. Maneno yalikuja yenyewe. Deo aliacha kutafuna. Salome alivuta khanga yake mpaka shingoni. Nilikuwa nawaangalia nikijisemea moyoni, kumbe naweza.

Kuna jambo moja lazima nilikiri. Sheria zinasema mezani pawepo kadi nyekundu. Yeyote akiona hadithi imemgusa pabaya anaigusa, mchezo unasimama, na haulizwi sababu. Kadi nilikuwa nayo, nimeikata vizuri kutoka kwenye jalada la faili. Lakini niliona nikiieleza nitaonekana sijiamini, kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Nikaiweka chini ya bakuli la karanga.

Wahusika wao walipoifikia ile nyumba, Deo akasema, "Huyu dawa yake moto." Salome akaunga mkono. Prisila akasema mhusika wake hataki, wagonge kwanza mlango, waongee naye. Alisema kwa sauti ya chini sana. Nikafurahi, nikadhani amezama kwenye mchezo. Nikamwambia arushe dadu tuone kama atawashawishi wenzake.

Ikatoka moja.

Deo akarusha ya kuwasha moto, ikatoka sita. Nikausimulia ule moto. Sijawahi kusimulia kitu vizuri namna ile, nyasi za paa, moshi, mkono unaosukuma dirisha kutoka ndani. Hakuna aliyecheka. Prisila akasimama, akasema ameacha nguo kwenye kamba. Hakukuwa na dalili ya mvua, na hata ingekuwepo, kiangazi hiki mvua ya wapi? Alifunga mlango taratibu, kama anavyofunga siku zote.

Salome ndiye aliyeniambia. Yeye na kina Prisila ni majirani, huko Kasense. "We Keti, kwani habari za bibi yake huzijui?"

Sikuzijua. Mimi nilijua bibi amekuja mjini kutibiwa macho, ndivyo Prisila alivyoniambia niliporudi kutoka chuoni. Kumbe bibi alikuwa anakaa kijijini, mbele ya Matai. Radi ilimuua mtoto wa jirani, watu wakasema ameituma yeye, wakaja wakachoma nyumba. Mjomba wake Prisila alimtoa kwa dirisha la nyuma.

Dirisha. Na mimi nikaweka dirisha.

Nilimwandikia Prisila ujumbe mara nne. Tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Leo baada ya misa nikachukua bodaboda mpaka Kasense. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia.

Nilikuta mbuzi amefungwa kwenye kigingi na mlango umefungwa. Ilikuwa saa sita mchana. Moshi unatoka chini ya paa, kwa hiyo mtu yumo. Nikabisha hodi ya kwanza, ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ikauliza kwa Kifipa ni nani. Nikajitaja, nikamtaja baba, nikataja tunakokaa.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, bibi."

"Sema kweli."

"Kweli, bibi. Peke yangu."

Nikasikia kitu kizito kikiburutwa. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona ni kinu, kinu cha kutwangia, alikuwa amekiegemeza mlangoni kwa ndani. Alinichungulia, halafu akachungulia nyuma yangu, kulia, kushoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Anapika ndani, mlango umefungwa, moshi wote unamwishia yeye.

Nilimwamkia shikamoo, sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ingia upesi."

Prisila hakuwepo, amepeleka mahindi mashineni. Bibi akanipa kigoda, akarudisha kinu mahali pake kabla hajakaa. Akanipa togwa kwenye kikombe cha bati. Kisha akasema, "Ndiye wewe wa Jumamosi? Prisila ananiambia wewe fundi wa kusimulia. Anarudi hapa anacheka mwenyewe. Hebu nisimulie na mimi, huku ndani siku ni ndefu."

Nilikaa pale na kikombe mkononi. Mimi ambaye jana sauti haikutetemeka. Nilitafuta hadithi yoyote, hata ya sungura, sikupata. Nikasema nitakuja siku nyingine, bibi, leo nina haraka. Uongo mtupu. Akasema haya, karibu tena, na uje ukiwa peke yako.

Nilipofika barabarani nikasikia kinu kikiburutwa tena nyuma yangu.

Prisila tulikutana njiani, ndoo ya unga kichwani. Yale maneno yote ya kwenye bodaboda yakapotea. Akaniangalia miguu, ina vumbi jekundu la uwanja wao.

"Alikufungulia?"

"Alinifungulia."

Nikasema, "Prisila, nisamehe. Sikujua." Akasema, "Najua hukujua." Halafu, kama anaongea na ndoo, "Huwa hafungulii mtu." Akapita. Sikujua kama huo ni msamaha au ni vipi, na sikuwa na uso wa kumwita arudi kuuliza.

Sasa ni saa kumi na moja, jua bado lipo dirishani. Deo ameandika kwenye grupu letu: "Keti hatari! Jumamosi tuendelee, tuone kama yule bibi kafa kweli." Amesifu. Wiki mbili zilizopita ningechapa ujumbe huo nikaubandika ukutani. Prisila naye yumo kwenye grupu, ameusoma.

Nimeandika kwamba Jumamosi hakuna mchezo, nikafuta. Nimeandika kwamba ule moto haukuwaka, kwamba mwendeshaji ana ruhusa ya kubadilisha, nikafuta. Kadi nyekundu nimeitoa chini ya bakuli, iko hapa mbele yangu, ina mafuta ya karanga. Najua nilipaswa kuiweka wapi. Hilo ndilo pekee ninalolijua leo.

Prisila akija Jumamosi, akakaa kwenye kiti chake, na wote watatu wakanigeukia kunisikiliza, nitaanza na kusema nini?