Bingwa wa Mitaro Kalama

Dada Kavata, pokea salamu zenye vumbi jekundu.

Kalama haijawahi kuona mchimba mitaro kama mimi, na sikumaliza hata darasa la nane. Jembe lilichoka kabla yangu! Unajua nilikuja kumwambia Ndinda ninampenda, lakini kwanza nikaingia mwethya, ile kazi ya kikundi, zamu ya shamba la mama yake Mutua.

Huko midomo huchimba kuliko mikono. Mutua alikiri kuwa mpenzi wake alimwacha kwa sababu alikoroma kanisani, kando ya baba mkwe. Muli, mchimbaji mwenzetu, naye akasema meseji zake za mapenzi huandikiwa na mamake.

"Ndiyo maana zinaishia na 'Mungu akubariki'," nikamwambia. Tulicheka mpaka majembe yakaanguka.

Mutua akanigeukia. "Na wewe, mwanaume wa Syokimau, umefuata mitaro kweli?"

"Nimefuata msichana," nikasema kwa sauti. "Mrembo kushinda mvua ya Novemba!"

Kumbe Ndinda alikuwa amesimama ukingoni na sufuria ya isyo. Akauliza mbele ya wote, "Ni mimi?"

Isyo ilikuwa tamu, dada, mahindi na maharagwe laini kabisa. Nawe kula vizuri, usijichoshe na kazi, na tafadhali usinicheke. Nilibeba yale maneno kutoka nyumbani mpaka hapa, na alipouliza, nilimjibu, "Hapana, ni mwingine."

Kaka yako,
Kyalo