Sebule Isiyo na Viti

Miyuji, Dodoma
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mama yangu Mwajabu,

Assalaam aleikum. Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka shambani na miguu imepunguza kuuma. Habari za Kolo? Mvua imewafikia, au na huko mawingu yanapita tu kama yanavyotupita sisi? Yule mbuzi wako mkorofi bado anakula kamba? Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba tu wazima, kwa sababu hutaniamini, na hutakuwa umekosea.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu yangu hupokei. Barua nimempa mpwa wako Uwesu, ambaye ameleta mbaazi mjini na anarudi huko leo na lori lake. Nimemwomba akusomee taratibu. Uwesu, ndugu yangu, usiruke mahali hata ukiona aibu. Kuna mambo ya mume na mke humu, soma hivyo hivyo.

Mama, nataka kukueleza habari ya sebule tangu mwanzo, maana siku ile hukunipa nafasi.

Daktari alipoliangalia ini la Athuman mara ya mwisho, alituambia turudi nyumbani, tumpe dawa za maumivu na kila anachokipenda. Nikamwuliza mwanao anapenda nini, nikidhani atasema nyama ya mbuzi. Akasema anataka kukaa karibu na bahari. Si unakumbuka alivyofanya kazi kwenye maghala ya katani Tanga, akiwa kijana? Anasema ndiko pekee alikowahi kulala akashiba usingizi. Kumpeleka haikuwezekana, kufika stendi tu anatapika. Basi nikamwambia kwa hasira, maana hasira ndiyo inayonisaidia nisilie, kwamba kama hawezi kuifuata bahari nitamtengenezea hapa hapa sebuleni. Akacheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu, kwa hiyo nikashika neno langu.

Nimeshona mapazia ya sebule nyingi za wakubwa huko Msalato na Chimwaga, na yangu ikabaki na yale ya rangi ya maruni yaliyokataliwa na mteja. Nikayashusha. Nikashona meupe, ya kitambaa chepesi kinachopanda kila upepo ukiingia, na upepo tunao, Mama, bahari ndiyo hatuna. Gideoni jirani yetu, ambaye ni fundi rangi, alichanganya bluu na nyeupe mpaka Athuman akakubali kwamba hayo ndiyo maji yanapokutana na mchanga. Kioo nikakizungushia kamba ya katani. Nikapepeta mchanga wa korongoni, nikauweka kwenye bakuli la udongo pamoja na simbi, zile kombe ndogo za baharini, nilizonunua kwa muuza dawa za asili sokoni. Dirishani nikaweka beseni la maji ya chumvi ya mawe, upepo ulete harufu. Hapo majirani wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Simbi, chumvi na mchanga, ndani ya nyumba yenye mgonjwa! Nikawaacha waseme.

Mengine aliagiza Athuman mwenyewe. Alisema makochi yanaziba upepo, yatolewe, tukae mikekani. Mlango wa mbele ni mwembamba, Gideoni aupanue hewa iingie. Kona ya kulia akataka niizungushie pazia zito, na chini ya ukuta pale kitobolewe kitundu cha kutolea maji, eti nyumba za pwani huwa na mahali pa kunawia mchanga miguuni. Nilimwambia Miyuji mchanga tunaufagia tu. Akang'ang'ania kama mtoto, nikampa alichotaka.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi tulitoa makochi uani, na kwa kuwa jua lilikuwa kali Gideoni akafunga turubai juu yake yasipauke. Ndani nikatandika mikeka yote ya ukindu niliyonayo, tuone itakavyokaa. Athuman alimeza dawa akalala chumbani. Rangi ikapungua, nikaenda dukani nimejifunga kanga kichwani na kiunoni kwa ajili ya vumbi, na Gideoni akaenda kwake kula. Mama, wewe ni mtu mzima. Nyumba ya mgonjwa, viti nje chini ya turubai, ndani mikeka mitupu, mlango wazi. Mpita njia aelewe nini?

Aliyepita ni Paulina wa nyumba ya pili. Hakuuliza, kwa sababu jambo lile haliulizwi, mtu anavua viatu anaingia anakaa. Alikaa, akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Niliporudi na kopo langu la rangi nikakuta wanaume wamekaa kimya kwenye makochi yangu, wanawake wamejaa sebuleni, mmoja ameleta kuni na mwingine unga. Hakuna aliyeniambia kitu. Walinitazama tu, wakainamisha vichwa. Mama, nikajua amekufa nikiwa dukani. Kopo lilinidondoka, nikapiga ukelele. Wakati huo huo Ruthu, mke wa Gideoni, alikuwa anakupigia wewe simu. Kilio ulichokisikia kilikuwa changu na kilikuwa cha kweli. Ulisema mengi siku ile, lakini lililoniuma kuliko yote ni kuambiwa nilikuwa nafanya mazoezi ya kilio.

Kelele zilimwamsha Athuman. Akatokea ameushika ukuta wenye rangi mbichi, akauliza ni nani amekufa. Wengine walikimbia, Paulina alianguka. Yeye akaketi katikati ya wanawake, akawaambia kwamba unga umeshaletwa, kwa hiyo wapike wale. Wakapika. Alama za viganja vyake zipo ukutani mpaka leo, nimemkatalia Gideoni kuzipaka.

Tulikupigia, lakini njiani ulikuwa hupatikani. Ukafika alasiri na sanda kwenye mfuko, ukamkuta mwanao anakula ugali kwenye matanga yake. Ulisema nimemchuria, kwamba nimetoa viti kabla pumzi haijatoka, nina haraka na nyumba. Ukaiweka sanda mkekani, ukaapa kurudi siku itakayovaliwa. Alikuita, hukugeuka.

Nakuja kwenye neno lililonifanya niandike. Ulipoondoka nilianza kuyaburuta makochi kuyarudisha ndani, huku nalia. Athuman akanizuia. Akaniambia yeye ndiye aliyeyapanga yote. Mlango aliupanulisha ili jeneza lipite bila kuinamishwa, kwa sababu hajasahau lile la baba yake lilivyokwama mlangoni kwenu Kolo, nawe umesimama pale unatazama. Pazia la kona na kile kitundu ni vya kumwoshea. Makochi alitaka yatoke mapema nisije nikahangaika nayo siku sina nguvu. Bahari anaipenda kweli, alisema, ila wakati napanga sebule aliona kwamba chumba cha bahari na cha matanga vyote ni mikeka na hewa, kwa nini nitengeneze mara mbili. Nilimpiga, Mama. Nilimpiga kofi la bega, mgonjwa yule, kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Uwesu, soma.

Alinikataza kukwambia. Alisema heri uendelee kunikasirikia mimi, kuliko kujua kwamba mwanao alikaa na fundi akipima upana wa jeneza lake. Nimevunja agizo lake, na sijutii. Nimechoka kubeba hasira yako huku nambeba na yeye. Tangu juzi hali ugali wala uji, namnywesha maji kwa kijiko, macho yamekuwa ya manjano. Analala pale sebuleni chini ya mapazia, na kila gari likisimama nje anageuza kichwa mlangoni. Hasemi anamngoja nani.

Makochi nimempa Paulina, hayatarudi. Sanda ipo kabatini, umechagua kitambaa kizuri. Ukitaka kuisubiri siku yake, njoo siku hiyo, nitakupisha ukae mbele, kwenye mikeka hii hii. Lakini siku hiyo hatakuamkia, na leo bado anaweza. Uwesu anarudi huku na gari kesho alfajiri. Nakuomba upande naye.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliochanga nauli yako siku ile waambie nawashukuru. Gideoni, Ruthu na Paulina wanakuamkia na wanakuomba radhi. Athuman hajaniagiza salamu, hajui kama naandika. Shikamoo yake anayo mwenyewe, imebaki ya sauti ndogo sana, itakubidi uiname ndipo uisikie.

Mkaza mwanao,
Hamida