Dua ya Afya kwa Mmisri Wetu

Guangzhou, Jumatatu, siku ya thelathini na moja tangu Baba atutoke

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu zikukute mzima, wewe na watoto. Mguu umepungua uvimbe? Na usingizi, unaupata sasa? Mimi mwili hauna neno. Barua hii anakuletea Bi Zuwena, mfanyabiashara mwenzangu, maana jambo hili kwa simu ningelikwepa. Ningesingizia mtandao, nikakata.

Juzi uliniambia hitma ya arobaini ikimalizika, Mzee Kombo wa klabu ya taarabu atasimama awaeleze watu habari za Mmisri wetu, filamu zake mpya na nyimbo zake, kama Baba alivyokuwa akiwasimulia. Dada, mzuie. Habari zile nilizitunga mimi.

Unakumbuka Baba alivyompenda mwimbaji yule. Akisikika redioni, cherehani inasimama, Baba na pini zake mdomoni, mteja na angoje. Filamu yake ile ya stesheni ya treni aliitazama mara tatu. "Kilio kile si cha kuigiza," akatuambia, "yule analia kweli." Basi nilipofika huku aliniagiza kitu kimoja tu, wala si saa wala kanzu. "Huko mna Wamisri. Niulizie, yu hai? Bado anaimba?"

Wamisri wana maduka mtaa wa pili kutoka ninapolala. Ni jambo la dakika moja, na sikuuliza. Alipopiga simu nilikuwa soko la Zhanxi nagombania bei ya viatu, nikamjibu ili aniache: "Yu hai, Baba. Anaimba." Alifurahi mno. Wiki ya pili akataka zaidi, nikamtilia na filamu.

"Anacheza kama nani?"

"Daktari, Baba."

"Daktari! Na tumbo lile! Humo anaimba?"

"Nyimbo mbili."

"Mbili tu? Wamemdhulumu!"

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikaona nimemfanyia wema. Kwa miaka sita nimempa mtu yule filamu nne, na mjukuu anayepiga fidla kama Baba.

Ijumaa iliyopita nilikuwa soko la Shahe nafunga marobota ya fulana. Mnunuzi mmoja wa Kimisri alikuwa anamsubiri laobani, mwenye duka, na simu yake inaimba wimbo ule wa Mmisri wetu alioupenda Baba. Nikaiacha kamba. Nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha chuoni kama mwimbaji huyu hajambo.

"Wewe umemjulia wapi huyu?" akacheka. "Mungu amrehemu. Amekufa zamani."

Akakaa juu ya robota akanieleza. Alianza kwa kuimba harusini, redio ikamchukua, halafu filamu, akawa kila filamu anaimba na kulia. Baadaye sauti ikamkwaruza. Akaacha kuimba, akabaki kuigiza baba za watu kwenye tamthilia, wale baba wakali wa maneno machache. Mwisho hata huko hawakumwita. Alifariki mwaka ule ule nilioondoka nyumbani, kabla Baba hajaniuliza mara ya kwanza.

"Kwenu nani anampenda?" akaniuliza.

"Baba yangu. Fundi cherehani."

"Msalimie sana."

Nikasema nitamsalimia. Hata hapo nikaongopa.

Uliniambia kwamba Ijumaa yake ya mwisho Baba aliwataka mmwombee Mmisri wetu afya. Dada, miaka yote ile alimwombea afya mtu aliye kaburini, kwa neno langu. Kumzika sikuja, na hili dogo nalo, la kuvuka mtaa na kuuliza, lilinishinda. Naona haya, hata kalamu naishika kwa haya.

Mwambie Mzee Kombo ukweli, na umwambie ni mimi, Baba asije akaonekana mwongo mbele ya wenzake. Kisha nakuomba jambo moja. Mtakapoyasoma majina ya marehemu wetu kwenye hitma, baada ya Babu, na Mama, na Baba, mtieni na Mmisri wetu. Jina lake kamili liko mgongoni mwa ile kaseti nyekundu, kwa mwandiko wa Baba. Sasa apate dua inayomfaa.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayekusaidia kupokea wageni wa msiba. Mzee Kombo pia, akikubali salamu zangu.

Mkishamaliza majina ya waliotutangulia, mkifika kwenye dua ya walio hai, nami mnikumbuke.

Mdogo wako,
Hamadi