Baba Atashuka Mwenyewe

Mwanga, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini umeamka salama, na lile goti limeacha kukusumbua ukipanda shambani. Sisi huku wazima, pamoja na mgonjwa wetu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga unalia, kisha unampa simu kila aliyekaa jirani, na mimi naishia kusalimiana na Mwamgongo nzima bila kusema nilichotaka.

Habari yenyewe ni hii. Kichomi cha baba kimekwisha. Kilichobaki ni miguu. Zile wiki alizolala hospitalini, nyama ya mapaja imekwenda. Mimi fundi cherehani, hilo sikuhitaji kuambiwa: suruali niliyomshonea Krismasi sasa ingemtosha yeye na mgeni wake. Daktari anasema mzee akilala tu, misuli inamwishia upesi kuliko kijana, na hakuna kidonge cha kuirudisha. Inarudishwa na kazi na chakula.

Sasa sikia kosa letu, maana tulilifanya kwa heshima zote. Baba akitaka kukaa, mimi na kaka Elia tunamnyanyua. Akitaka maji, tunamshikia kikombe. Watu wa kwetu waliokuja kumwona, kila mmoja alimkandamiza begani: "Lala, Mzee, usihangaike." Na uji, Mama. Kila aliyekuja, alikuja na uji. Mtu aliyekulia ziwani, wiki zote hizo hakuna aliyemletea hata dagaa.

Akaja binti wa mazoezi, mpole wa sauti tu. Alitusogeza pembeni sote, akamtaka baba akae ukingoni mwa kitanda, asimame bila kushikwa, akae, arudie.

"Nisimame niende wapi?" baba akauliza.

"Huendi popote, Babu. Unasimama, halafu unakaa."

"Binti, nimevuta nyavu kabla mama yako hajazaliwa. Mtu husimama akiwa na sababu."

Akajifunika shuka. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

Binti akaniambia wazi kwamba baba akiendelea hivi atarudi kwenu akiwa mtu wa kubebwa, kutoka kwenye boti mpaka chooni. Nilimfikishia baba bila kupunguza neno. Akasema, "Nishushwe mgongoni mwa mtu kama gunia la mihogo, mbele ya vijana niliowafundisha kuvua? Bora nibaki hapa hapa." Unamjua, hasemi hivyo kutisha watu. Akisema habebwi, habebwi, na wewe ungekuwa na mume Kigoma.

Ndipo akaingia mama mkwe wangu, Mama Neema, na hotpoti ya samaki, migebuka. Baba alipomwona mlangoni alishusha miguu, akashika chuma cha kitanda, akatetemeka kama meza mbovu, akasimama. Hajawahi kumsalimia mkwe akiwa amekaa, na kichomi hakikumbadilisha tabia.

"Mwakeye, mkwe."

"Mwakeye. Kaa, mkwe wangu, unaumwa."

"Nitakaa ukishakaa wewe."

Binti wa mazoezi alinitazama, nami nikamtazama. Nilimsindikiza mkwe hadi koridoni, nikamweleza. Akacheka. "Yaani mmenifanya dawa?" Akarudi ndani: amesahau mfuniko. Akatoka, akarudi: amesahau kanga. Baba akasimama mara zote, akikunja uso. Tangu hapo anakuja kila siku na samaki na mayai, akisahau hiki na kile, na siku hizi anaishia mlangoni, ili baba amfuate huko kumsalimia. Tena mkwe anaongeza maringo.

Juzi nilikuwa nje ya mlango nikawasikia.

"Mkwe, kwa umri wako ni mapema mno kusahau hivi."

"Uzee unaanza hivyo hivyo, mkwe."

"Basi kesho usahau asubuhi. Mchana nachoka."

Kumbe baba alijua siku nyingi. Sikuingia.

Ameruhusiwa. Anakuja kwa boti ya Jumamosi. Anatembea na fimbo, polepole, ila ukingo wa boti ni mrefu kuliko kitanda na maji hayatulii, kwa hiyo sikuahidi kitu. Naomba moja tu: vijana wasimkimbilie majini. Elia atakuwa karibu yake, anatosha. Wewe nawe usilie mpaka afike pakavu. Nyumbani mpe kiti kirefu, kile kigoda kifiche. Akiomba maji, mwonyeshe mtungi ulipo. Mpe samaki na maharage. Uji wape wageni. Najua itakuwia vigumu, umemwekea kila kitu mbele tangu ulipoolewa. Kuwa mke mkorofi kidogo mpaka mavuno.

Suruali sijaipunguza. Amenikataza, anasema ataijaza.

Nisalimie dada Ester, anayekusomea hii. Mwambie asiongeze maneno yake. Msalimie shangazi Rebeka, na mchungaji aliyemwombea baba kwa simu mpaka salio likaisha.

Mkwe anakuja naye. Tumekubaliana atatangulia kushuka, asimame mchangani, ageuke amtazame. Akishasimama pale, Mama, nyamazeni wote mumwachie baba.

Mwanao,
Samweli