Modestus Kwenye Maji ya Trinity

Angel, mbona hupokei simu? Basi naandika.

Shemeji yako nusura afe leo. Nakwambia nusura afe!

Tulitoka na baiskeli asubuhi, zile barabara tambarare za kusini mwa Dallas, vinamasi kila upande. Mto Trinity umefurika kwa mvua ya jana, tukakuta maji yanakatiza barabara. Nikamwambia, “Modestus, tugeuze.”

Akanijibu, “Mke wangu, haya ni maji ya kifundo cha mguu tu.”

Kifundo cha mguu! Akaingia, anakanyaga pedeli huku anacheka.

Katikati hakufika. Maji yalimzoa yeye na baiskeli yake, yakampeleka kinamasini. Nikaona helmeti tu. Halafu nikaona mkono umedaka nguzo ya uzio.

“Bertila, siwezi kushikilia!” Sijawahi kumsikia na sauti ile tangu anioe.

Nikatupa baiskeli na simu barabarani. Nikashika waya wa uzio, nikaingia, maji hadi kifuani. Nilikuwa na tyubu ya akiba ya baiskeli begani, nikaishika upande mmoja, nikamrushia. Ikamkosa. Nikarusha tena, ikamkosa tena. Angel, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mara ya tatu akaidaka, nikamvuta, tukatambaa na uzio mpaka pakavu.

Sasa tumekaa kwenye nyasi, tunasubiri zimamoto. Hataki hata maji ya kunywa. Ananitazama tu, anarudia neno moja, “Uliingia. Bertila, uliingia.”

Maana anajua fika mimi sijui kuogelea.