Chumba cha Mbele na Mashine ya Wino

Jumatatu, 17 Novemba
Barua ya kuomba shamba, imetoka. Tangazo la msiba, limetoka. Mialiko ya arusi imeanza vizuri, katikati ikafifia, mwisho ikatoka myeupe. Taa nyekundu inapepesa. Katushi tena, kile kisanduku cha wino kisichojaa kiganja, na juzi tu nimetia kipya. Mashine hii nilinunua kwa bei ya kutupa nikajiona mjanja. Rahisi ghali. Mama wa bibi arusi amekaa barazani anangoja. Nimemdanganya kwamba mashine inapumzika.

Jumanne, 18 Novemba
Mume wangu, Baba Zaina, amerudi kutoka Salamabila, anakouza mchele kwa wachimbaji. Kabla ya chai amesema anataka chumba cha mbele. Mchele wake unalala kwa watu, na mimi chumba kizima nimekipa mashine inayokula kuliko inavyoleta. Tukakubaliana hivi: prefe, mkuu wa sekondari ya Wamaza, ameniahidi kazi ya kuchapa mitihani ya Desemba. Nikiifanya na ikibaki faida, nabaki. Nikishindwa, meza inatoka, magunia yanaingia. Amesema kwa upole. Upole wake unaniudhi kuliko kelele.

Chumba hiki ni changu. Ndipo mahali pekee Kasongo ambapo watu wanabisha hodi wakinitafuta mimi, si mke wa fulani. Sikitoi.

Alhamisi, 20 Novemba
Zamu yangu ya likelemba imefika. Akina mama wenzangu wamenikabidhi mchango wote, na wote wameniuliza nguo gani nitanunua. Nimesema printa. Wamecheka hadi kufuta machozi.

Jioni akaja shemeji Ramazani, mdogo wa mume wangu, mshauri wa mji mzima bila kuombwa. Anasema nichukue leza, ile ya wino wa unga. Unga haukauki, maji hayaufuti, kisanduku kimoja kinakaa miezi. Yote ni kweli, na hilo ndilo linaniuma. Lakini yeye ana jenereta. Mimi nina paneli juu ya bati na batri moja. Nikamuuliza leza inakula umeme kiasi gani. Akajibu: "Mama Zaina, umeme iko umeme." Mwenye kujua hajibu hivyo.

Jumamosi, 22 Novemba
Leo nimeushangaza mji.

Nimeshusha batri yangu na konvertisa, kile kidude kinachogeuza umeme wa batri, nikafunga vyote kwenye baiskeli, nikasukuma hadi dukani kwa Amisi sokoni. Njiani wananiuliza nahamia wapi. Ramazani alikuwa amefika kabla yangu, mikono mfukoni, anangoja kunipongeza kwa kumsikiliza.

Amisi ana mashine mbili. Akawasha jenereta ili anionyeshe. Nikamwambia azime. Umeme wa kwake hautakuja kulala kwangu. Akacheka: "Mama, batri ile iko ya taa tu!" Nikasema basi tuone.

Leza kwanza. Ilipoanza tu kujipasha moto, konvertisa ikapiga kelele, ikazima. Tena. Ikazima. Mara ya tatu Ramazani mwenyewe akasema tuache.

Halafu ile yenye matangi, wino unauona ubavuni kama chai kwenye glasi, na unaujaza kwa chupa. Ikachapa. Ikachapa. Konvertisa kimya. Chupa ya mweusi ni rahisi kuliko katushi yangu moja, na inajaza tangi zima. Sikulipa bado. Nilizunguka soko kwanza kuona kama chupa hizo zinauzwa na wengine, maana wino wenye muuzaji mmoja utapanda bei siku nikiuhitaji. Wengine wanazo. Nikalipa.

Amisi akaita pikipiki, aifunge nyuma. Nikakataa. Mwalimu mmoja wa Lusangi alifungiwa ya namna hiyo imelala ubavu, na wino tayari ndani. Ilifika ya buluu, na yeye pia. Nikakunja kitenge kikawa kata, nikaiweka kichwani, nikatembea. Miaka yote ya kuteka maji mtoni haikumwaga kitu, itamwaga leo? Ramazani akasukuma baiskeli na batri nyuma yangu. Nimefurahi vibaya sana.

Jumapili, 23 Novemba
Furaha imepungua. Nimedondosha tone la maji kwenye karatasi. Herufi zimetoka mbio. Hapo shemeji alisema kweli. Ni msimu wa mvua, na mitihani itakwenda Wamaza kwa pikipiki.

Jumatano, 26 Novemba
Nachapa tangu asubuhi. Mawingu, jua linatoka kwa kuiba. Batri imestahimili. Kurasa za hesabu, za historia, za Kifaransa, zimefika kiunoni kwangu. Tangi limeshuka kidogo tu. Kila saa naenda kulitazama kama mgonjwa aliyepona.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimefunga karatasi namna tunavyofunga kwanga, ule mkate wa muhogo: kubana kila tabaka, mikunjo ikae chini, kamba zipishane. Ila badala ya majani, plastiki. Kisha gunia. Kisha plastiki tena. Dereva amesema nimemfunga maiti. Ameondoka baada ya sala.

Alasiri mvua imeshuka. Si mvua ya kuuliza. Nimesimama mlangoni nikiitazama njia. Niliogopa. Baba Zaina alipita nyuma yangu, akapima chumba kwa hatua.

Jumapili, 30 Novemba
Prefe amepiga simu. "Mama, karatasi zote ziko kavu. Dereva ndiye alilowa." Hakuna hata moja iliyochafuka. Malipo ametuma, na nikitoa karatasi na wino, faida imebaki. Na shule nyingine mbili za Kabambare zinauliza kama nina nafasi.

Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Sombe ya majani ya muhogo imeungua. Tumeila hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Alhamisi, 4 Desemba
Mchele umefika. Baba Zaina amekuja na magunia kwenye mkokoteni, akakuta baraza imejaa watu: walimu, bwana arusi, mzee mwenye barua yake. Akasimama. Aliwaomba wampishe, akayapitisha magunia moja moja hadi chumbani tunakolala. Kitanda sasa kimebanwa ukutani, na mimi ndiye wa ukutani.

Baada ya chakula ameuliza, akitazama pembeni, kama mashine inaweza kumchapia jina lake, alibandike kwenye magunia. Nimesema inaweza. Aje asubuhi, nyuma ya waliotangulia.

Amesema sawa.